Mitaro Kumi na Mmoja kwa Polycarpe

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyobaki. Mwaka tisini na tano, kuanzia mwezi wa saba hadi wa tisa, nilichimba mitaro kumi na mmoja kwenye shamba la maharage la mtu mmoja anayeitwa Polycarpe, kule makazi ya wakimbizi ya Katumba, nikitafuta jiwe la zebaki. Kila mtaro mita kumi kwa urefu na mita mbili kwenda chini. Ukiniuliza nilipata nini, nitakwambia nilipata changarawe, mchwa, na kiuno ambacho mpaka leo hakitaki kuinama.

Naitwa Enoka. Mimi ni Mbende wa hapahapa Mpanda, nyumba yangu iko Kawajense. Kwenye ofisi ya madini nilikuwa fundi sampuli tangu mwaka sitini na tisa. Fundi sampuli si mjiolojia, tusije tukachanganyana. Mjiolojia anakaa na ramani, anasema hapa panaonekana pazuri. Fundi sampuli ndiye anayekwenda kupachimba hapo panapoonekana pazuri, anachomwa na jua, anarudi na mifuko ya mawe mgongoni, halafu ripoti ikitoka jina lake halimo. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita na sikuwahi kulalamika. Basi, nililalamika. Lakini nilikwenda.

Mwezi wa tano mwaka huo bosi wetu, Osward, aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Osward ni Mfipa, msomi, umri wake sawa na mwanangu wa kwanza, lakini hana dharau. Akaniambia, "Mzee Enoka, orodha ya kupunguza watumishi inakuja. Hapa kwetu tupo watano, wanataka wawili watoke. Wanaanza na wasio na vyeti."

Mimi cheti changu ni cha darasa la nane, na hicho chenyewe kililiwa na panya.

"Kwa hiyo nimekwisha," nikasema.

"Hujaisha. Nitakutetea. Ila nipe kitu cha kukutetea nacho, Mzee. Ukiwa na kitu ulichokipata wewe, kikaandikwa, hakuna atakayethubutu kulikata jina lako."

Nilitoka pale nikihesabu. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, imebaki mitatu tu nistaafu kwa heshima, nipigiwe makofi, nipewe soda na barua. Mtu wa umri wangu akitolewa ofisini kabla ya wakati anakwenda wapi? Anakwenda kukaa barazani kwake kutazama baiskeli za watu zikipita.

Ndipo akaja Polycarpe. Ilikuwa Juni, amekuja soko la Kashaulili kuuza maharage, kibali chake kimekunjwa kwenye mfuko wa shati. Enzi zile watu wa makazi hawakutoka nje bila karatasi ya ofisi ya makazi, inayosema unakwenda wapi na unarudi lini. Mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake kina Kirundi ndani yake. Akasimama mlangoni kama anayekuja kuomba maji ya kunywa, akafungua kitambaa, akaniwekea mezani jiwe lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Nikalinyanyua. Loh! Ngumi ya mtoto, uzito wa nyundo. Na wekundu wake si huu wa udongo wetu wenye kutu, hapana, wekundu wa damu ya kuku ikiwa bado mbichi. Nikalisugua nyuma ya kigae, likaacha mstari mwekundu. Nikasaga kipande kidogo, nikakichanganya na magadi, nikakitia kwenye kichupa cha kioo na kukipasha kwa moto wa spiriti, mlango na madirisha nimefungua yote. Baada ya muda, juu kule kwenye shingo ya kichupa, vikatokea vitone vidogo vinavyong'aa, vinakimbizana. Zebaki!

Miaka ishirini na sita nimeokota mawe ya risasi, nimeokota ya shaba, dhahabu ya kuchungulia kwa jicho moja, lakini jiwe la zebaki nilikuwa nalijua kwenye kitabu tu.

"Umelipata wapi hili?"

Polycarpe akatazama sakafu. "Kwangu, Mzee. Shambani. Kando ya kijito."

"Kwako Katumba?"

"Ndiyo."

Nikajaza fomu. Mgunduzi: Polycarpe. Mahali: shamba lake. Akatia sahihi polepole, kalamu kaishika kwa nguvu. Osward alipoisoma alinipiga begani kwa furaha. "Mzee, mambo si ndiyo haya! Ila wewe mwenyewe unajua, jiwe lililo kwenye kitambaa cha mtu si kitu, linaweza kutoka popote. Nenda ukanitafutie jiwe hili likiwa limekaa kwenye mwamba wake. Ukinipa hilo, jina lako halitoki." Akaomba ruhusa ofisi ya makazi, wakakubali tuchimbe, akanipa Landrova ya ofisi, madumu ya dizeli, vibarua wanne, na dereva wetu Mabula, Msukuma mmoja ambaye kazi yake ni kuendesha lakini akiona sururu mikono inamwasha.

Wiki ya kwanza nilikuwa nachimba naimba. Wiki ya pili nikaacha kuimba.

Hebu nikueleze kwa nini. Jiwe la zebaki halizaliwi popote. Linaletwa na maji ya moto yanayopanda kutoka chini kabisa, na maji ya moto yanataka ufa. Lazima ardhi iwe imepasuka, mwamba umevunjikavunjika, katikati ya mivunjiko kumejaa chokaa na mawe meupe ya kioo. Sasa shamba la Polycarpe lilikaa juu ya mwamba mmoja mzima, wa kale, mgumu, hauna hata mkwaruzo. Ukiupiga nyundo unakurudishia mkono. Mtaro wa tatu ulitosha kuniambia. Mtu mwenye akili zake angefunga mizigo siku ileile.

Lakini mimi nilikuwa na orodha kichwani. Kila nikitaka kufunga mizigo naona karatasi, naona majina matano, naona kalamu ya mtu nisiyemjua inashuka. Nikachimba wa nne. Nikachimba wa tano na wa sita. Mabula akaanza kunitania. "Mzee, tukiendelea hivi tutatokea Burundi, tuwarudishe hawa ndugu zetu kwao kwa njia ya chini." Vibarua wakacheka. Mimi sikucheka, nilimwambia afunge mdomo achimbe.

Na Polycarpe mwenyewe alinichosha kuliko mwamba. Kila asubuhi mke wake Gaudiose, Mama Joséline, anatuletea sufuria ya viazi vitamu. Kila asubuhi nauliza swali lilelile.

"Polycarpe, nionyeshe tena pale ulipoliokota."

"Hapa, Mzee."

"Jana ulisema kule kwenye migomba."

"Ni hapa na kule. Katikati."

"Katikati ya hapa na kule ni nyumba yako, bwana! Nichimbe chini ya kitanda chako?"

Akafikiri kidogo. "Ukitaka, Mzee."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji wangu. Hakujibu hata moja. Na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, mimi mjinga. Mkulima gani anaona maharage yake yanang'olewa mstari kwa mstari, shamba limegeuka kama makaburi yanayosubiri watu, na halalamiki? Angekuwa mtu mwingine angeshanifukuza na panga. Huyu anasema "Mungu ataonyesha," anachukua koleo anatusaidia kutoa mchanga.

Mtaro wa kumi na mmoja ulijaa maji. Ilikuwa mwezi wa tisa katikati, dizeli imebaki dumu moja, la kuturudisha. Mabula akatoka shimoni ameloa hadi magotini, akatupa sururu chini. "Mzee wangu, hili jiwe lilidondoka toka mbinguni. Hapa halina baba wala mama."

Nikakaa juu ya rundo la mchanga. Nikatoa lile jiwe mfukoni, maana nilitembea nalo kila mahali, na kwa mara ya kwanza nikaligeuza nikatazama upande usio mwekundu. Upande wa chini lilikuwa na gamba jeupe, jembamba kama ukoko wa ugali. Miezi mitatu nimelibeba mfukoni! Nikachukua chupa ya tindikali, nikadondosha tone moja juu ya lile gamba. Likatoa povu, shhh. Chokaa. Nikaenda kudondosha tone kwenye mwamba wa mtaro. Kimya. Nikajaribu mtaro wa kumi, wa tisa, wa nane. Kimya kote. Jiwe lile halikuwahi kulala shamba lile hata siku moja.

Niliona aibu kabla sijaona hasira. Fundi sampuli wa miaka ishirini na sita, kitu cha kwanza unachofundishwa ni kuligeuza jiwe. Nilikuwa nimeona wekundu nikaacha kutazama. Nilitaka mno. Halafu hasira ikaja, na ikaja nyingi.

Polycarpe alikuwa anafunga kamba ya mbuzi nyuma ya nyumba. Nikamwekea jiwe usoni. "Umenidanganya. Miezi mitatu! Umeliokota wapi hili?"

"Shambani, Mzee."

"Rudia tena nikupige nalo!"

Gaudiose akatoka jikoni anapangusa mikono kwenye kitenge. Akamwambia mumewe kitu kwa Kirundi, kifupi. Polycarpe akatikisa kichwa. Mke akasema tena, kwa sauti ya juu. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba, mama yake alikufa."

"Pole," nikasema, nikiwa bado nimekasirika. "Inahusiana vipi na jiwe langu?"

Akanieleza akiwa amesimama palepale. Mama mkwe wake, yaani huyo mama wa Polycarpe, Vénérande, alikuwa anaishi Mishamo, makazi mengine ya wenzao, huko magharibi kabisa. Ijumaa moja ya mwezi wa tano jioni ukaja ujumbe kwamba amefariki. Ofisi ya makazi imeshafungwa, vibali ni mpaka Jumatatu. Na kuzika ni kesho au keshokutwa. Polycarpe alichukua baiskeli, akapita porini asionekane barabarani, siku mbili njiani. Alipofika kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Akakaa pale mpaka jioni, akageuza.

"Njiani gurudumu likatoboka," Polycarpe akasema sasa, bila kuniangalia. "Nikaingia kwenye kijito, nizamishe mpira kwenye maji nione upepo unatokea wapi. Ndiyo nikaliona. Lilikuwa hapo chini ya mkono wangu."

"Sasa si ungesema!"

"Nina maonyo mawili, Mzee. Yote ya kutoka bila kibali. La tatu ni mahakamani. Jirani yetu Pacifique alifungwa miezi sita, tumbaku yake ikaozea bandani."

"Basi kwa nini ulileta jiwe kabisa? Si ungelitupa?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilidhani mtalipokea tu. Sikujua kwamba jiwe nalo linaulizwa kwao."

Nikaenda kukaa kwenye Landrova, nikapiga usukani ngumi mpaka Mabula akaniambia niache, hiyo ni mali ya serikali.

Kesho yake nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya maishani. Nilikwenda ofisi ya makazi nikamwombea Polycarpe kibali cha siku moja, kubeba sampuli hadi Mpanda mjini. Wakanipa bila shida, wananiamini, mzee wa ofisi ya madini. Nikamimina dumu la mwisho kwenye tangi, tukapita Mpanda mjini bila kusimama, tukaendelea. Sasa na mimi nikawa mwongo, tena mwongo mwenye muhuri.

Jina la kijito silisemi. Nitakwambia tu kwamba tuliacha barabara, tukaacha njia ya wawindaji, tukaliacha gari pamoja na Mabula, tukatembea saa nzima kwa miguu. Na kabla Polycarpe hajanionyesha, nilijua. Ardhi ilikuwa imebadilika. Upande mmoja wa kijito mwamba wa kale, upande wa pili mwamba mwingine kabisa, na katikati mstari wa mawe yaliyovunjikavunjika, yameshikanishwa na chokaa nyeupe. Ufa! Nilikimbia. Mzee mzima, kiuno kibovu, nilikimbia ndani ya maji na viatu vyangu.

Lilikuwa kwenye ukingo, chini ya mizizi ya mti, linatazama nje. Mshipa mwekundu, unene wa kidole gumba changu, umelala ndani ya ile chokaa kama mafuta kwenye nyama. Nikaufuata kwa nyundo. Hatua moja, hatua mbili, ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukafa. Nikachimbua upande wa pili, hakuna. Juu, hakuna. Ni huo tu. Mgodi hapo hakuna, hata ndoo mbili hazijai. Lakini lilikuwa limekaa kwenye mwamba wake, na nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Niliweka kiganja juu yake na nikacheka peke yangu kama kichaa. Niliona jina langu linabaki.

Nikapima, nikachora, nikabandua kipande. Polycarpe alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu ndani ya maji.

"Andika, Mzee," akasema.

"Niandike nini?"

"Andika ukweli. Kwamba mimi ndiye nililiokota hapa, siku ile. Nimekuharibia kazi miezi mitatu. Nitakwenda kwa afisa wa makazi mwenyewe."

Badala ya kushukuru, nilimpigia kelele mpaka ndege wakaruka. "Usinifanyie wema saa hizi! Wema wako ungeniletea mwezi wa saba! Ungekuja ukaninong'oneza tu sikioni, Mzee, jiwe si la hapa, ningejua la kufanya! Sasa unanipa nini? Unanipa miezi sita yako niibebe mimi?"

Akatoa miguu majini, akasimama. Tukarudi garini, na njiani Mabula alijaribu kupiga mluzi akaacha. Tukamshusha kwake kabla jua halijazama, kibali hakijaisha.

Asubuhi yake niliingia kwa Osward. Kipande kilikuwa mfukoni mwa koti, kinanivuta upande mmoja. Nikaanza kwa kuzunguka.

"Bosi, tuseme jiwe si la pale shambani. Tuseme chanzo kiko mbali, na mimi nimekiona."

Akaruka kitini. "Umekiona? Wapi?"

"Subiri kwanza. Nikiandika kwamba nimekipata mimi mwenyewe, kwenye matembezi yangu, itatosha?"

Osward hakuwa mjinga. Akakaa tena taratibu. "Haitatosha. Faili linasema jiwe limeokotwa shambani kwa Polycarpe, na sahihi yake ipo. Ukileta mahali pengine, wa makao makuu watauliza jiwe lilifikaje pale. Watasema umelitoa huku ukalipandikiza kule, utoke na kashfa badala ya kazi. Lazima mgunduzi abadilishe maelezo, aseme aliliokota wapi na lini. Na nakala inakwenda ofisi ya makazi, maana wao ndio waliotupa ruhusa ya kuchimba."

"Hata nakala?"

"Nakala lazima."

Tukatazamana. Nikaona anaanza kuelewa, akageuza uso akatazama dirishani. "Mzee Enoka," akasema, "usiniambie kitu ambacho nitalazimika kukiandika." Akasukuma fomu upande wangu pamoja na kalamu, akatoka nje, akajifanya anaangalia tairi za Landrova.

Nisikudanganye, niliandika. Usinifikirie mtakatifu. Niliandika jina la kijito, nikaandika upana wa mshipa, nikaandika chokaa na ufa, mwandiko wangu mzuri wa siku za shule. Nikafika penye jina la mgunduzi na tarehe. Nikaandika herufi tatu za mwanzo. Mwezi wa tisa ulikuwa unaisha, mvua zinakaribia, watu wanatayarisha mashamba. Nikamwona Gaudiose analima peke yake kati ya mashimo yangu kumi na mmoja, mashimo niliyoyachimba mimi, analizunguka kila shimo na jembe lake. Basi. Hiyo tu. Nikaichana ile fomu vipande vidogo, nikachukua nyingine, nikaandika: "Mitaro kumi na mmoja imechimbwa. Chanzo cha jiwe hakikuonekana." Nikatia sahihi. Osward akarudi, akasoma, akagonga muhuri. Hakusema kitu, na mimi nilimchukia kwa kutosema kitu, kisha nikamshukuru, kisha nikamchukia tena.

Kipande cha jiwe nilikitupa shimo la choo nyumbani kwangu.

Orodha ilitoka mwezi wa kumi. Nilikuwa jina la pili. Mke wangu Mariana nilimweleza kila kitu, sikuweza kulimeza peke yangu. Akaniuliza, "Umepoteza kazi kwa ajili ya jiwe?" Nikamwambia si kwa ajili ya jiwe. Alikaa siku mbili hasemi na mimi. Siku ya tatu, anaosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Ningekuwa mimi ningeandika." Na mimi nilimwamini. Mpaka leo sijui kama alikosea.

Ungedhani imeishia hapo. Haijaishia.

Ile fomu ya kwanza, yenye sahihi ya Polycarpe, haikufutwa na mtu. Kwa nini ifutwe? Chanzo kutoonekana si kusema jiwe hakuna. Ilikwenda makao makuu, mtu wa ramani akafanya kazi yake, akaweka alama: dalili ndogo ya zebaki, haijathibitishwa. Akaiweka palepale karatasi inaposema, kwenye maharage ya Polycarpe. Mwaka tisini na nane ikaja kampuni moja ya kigeni inayotafuta dhahabu. Wao zebaki hawaitaki, lakini wanajua palipo na zebaki juu huenda pana dhahabu chini, maana vyote viwili hupandishwa na maji yaleyale ya moto. Wakatangaza wanataka vibarua wenye uzoefu wa kuchimba mitaro.

Mariana akanisomea tangazo. Nilikuwa nimekaa barazani, natazama baiskeli za watu. "Nenda," akasema. "Kazi ni kazi."

Nikapanda nyuma ya gari lao na wenzangu, sururu katikati ya miguu. Lilipoiacha barabara kuu na kuingia Katumba, nikaanza kuhesabu kona. Lilipopita kanisa, nikajua. Tukasimama ukingoni mwa shamba. Mitaro yangu walikuwa wameifukia, maharage yamestawi juu yake, mazuri kweli, ila ukijua unaona pale ardhi ilipozama kidogo, mstari baada ya mstari.

Mjiolojia wao alikuwa dada mmoja Mtanzania, anaitwa Immaculata, kijana, ana adabu. Alitandaza ramani kwenye boneti akaniita, maana niliwazidi wote umri. "Mzee, nimesikia ulikuwa fundi sampuli. Ripoti ya zamani inasema walichimba hapa wasipate. Mimi nadhani hawakuchimba vizuri. Wewe unaonaje, kuna kitu hapa?"

Polycarpe alikuwa amesimama mlangoni kwake. Nywele zimeingia mvi. Bado mkimbizi, bado na maonyo yake mawili, na siku hizo msako wa watu wasio na vibali ulikuwa mkali kuliko zamani. Alinitazama, midomo inamcheza, na nikaona kabisa kwamba anataka kusema. Anataka kunisemea, mbele ya watu wote. Nikamkazia macho mpaka akainamisha kichwa.

Hasira niliyokuwa nayo, Mungu peke yake ndiye anayeijua. Kijito kile nakijua. Ningeweza kwenda nimefumba macho. Dada huyu angeniajiri siku hiyohiyo kwa kazi yangu halisi, angeniandika jina.

"Panaonekana pazuri, dada," nikasema. "Tuanzie hapa kwenye migomba."

Akafurahi, akaandika kwenye daftari lake. Nikatema mate mikononi, nikashika sururu, nikaanza kung'oa maharage.